Kicheko cha Esteri

Adija aliitua ndoo yake ikiwa nusu, maji ya bomba yakaendelea kumwagika bure, na Firdausi akajua kwamba hapo hakuna tena kuchota. Hapo ni kusikiliza.

"Mama Badru, mtoto umemwacha wapi?"

"Kwa Bibi Verediana. Kama siku zote."

"Kama siku zote!" Adija alijipiga paja. "Haya, kaa hivyo hivyo na kama siku zote yako. Mwenzio wa kwake alimtoa."

"Alimtoa wapi?"

"Wewe mwanamke umelala? Kafara! Yule bibi zamani alikuwa mwimbaji, na bendi yao hata hapo Kakonko walikuwa hawaijui. Mara paap, redioni. Kasulu wanaililia, Kigoma wanaililia. Na paap hiyo hiyo, mtoto hayupo. Unadhani jina linaokotwa njiani kama kuni?"

"Adija, nawe."

"Nawe nini? Ule wimbo wa Hora hukisikii kicheko cha mtoto katikati? Kile si cha kompyuta, shoga yangu. Ni mwenyewe, amefungiwa mle ndani. Na kila Jumamosi bibi yako anakwenda nyuma ya grosari ya Gasper, anaweka kiganja ukutani, midomo inamtikisika. Waulize watu. Anakwenda kumsalimia."

Firdausi alicheka. Adija huyu ndiye aliyetangaza kwamba daktari mgeni kutoka Tanga analala na viatu, na mtaa mzima ukaamini mpaka mke wa daktari alipofika. Lakini kicheko cha Firdausi hakikufika mbali. Kilimkaukia njiani, ndoo kichwani. Kweli ule wimbo una kicheko. Kweli alishamwona bibi nyuma ya grosari. Na Badru, mwanawe wa kwanza na wa pekee, ambaye ndiyo kwanza ameanza kutambaa, muda huo alikuwa mgongoni kwa mwanamke huyo.

Mtu wa Kibondo asiyeujua wimbo wa Hora labda alizaliwa jana. Aliyeuimba ni kijana wa Gwarama aliyekwenda kutafuta maisha Dar es Salaam, na mwaka jana ulipotoka haikufungwa harusi bila kupigwa. Ndani ya ngoma zake za kompyuta kuna uzi wa nanga, ala ya wazee wa huku, mwembamba, unaozunguka na kurudi palepale kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Nyuma ya huo uzi kuna sauti ya mwanamke, ya zamani, yenye vumbi: hora mwana, hora. Nyamaza mtoto, nyamaza. Halafu ngoma zote zinakatika, panakuwa kimya, na ndani ya kimya hicho mtoto mdogo anacheka. Mara moja tu, kile kicheko cha mtoto aliyetekenywa shingoni. Kisha ngoma zinaanguka tena na watu wanaruka. Harusini, pakifika hapo, ukumbi mzima unanyanyua mikono na kucheka pamoja naye. Mume wa Firdausi, Nurudini, anayepeleka vitenge Kasulu, aliuweka kuwa mlio wa simu yake.

Nanga yenyewe Firdausi alikuwa hajawahi kuiona kwa macho, lakini mchezo ule wa nyuzi aliuzoea tangu utotoni. Kwaya zote za huku wapiga gitaa wao wanadonoa hivyo hivyo. Matangazo ya redio ya mbegu na mabati yanaanza hivyo hivyo. Ukimwuliza mpiga gitaa amejifunza wapi, atakwambia hajui, amekuta watu wanapiga. Kama maji ya bombani tu, nani anauliza chemchemi iko wapi?

Bibi Verediana alipanga chumba cha uani, mlango wake unatazamana na jiko la Firdausi. Mwanamke mrefu, mkimya, Mkatoliki wa kwenda misa ya kwanza, mzito wa masikio kiasi kwamba ukitaka kumsalimia unasimama mbele yake akuone midomo. Hakuna aliyemwomba kumshika Badru. Asubuhi moja Firdausi alikuwa anahangaika na mtoto na karai la vitumbua kwa wakati mmoja, bibi akavuka uani na kitenge chake, akainama, akasema, "Nipe." Basi. Tangu hapo Firdausi alikwenda stendi kuuza, akirudi anamkuta mtoto ameshiba na amelala. Jambo moja tu lilimshangaza: bibi hakumlaza mtoto mkekani hata siku moja. Akichambua maharage yuko mgongoni, akifagia yuko mgongoni, akisinzia kwenye kigoda yuko mgongoni.

"Bibi, mlaze upumzike, mgongo utakufa."

"Akilia nitamjulia mgongoni," bibi alijibu, na Firdausi akadhani ni mambo ya wazee tu.

Siku ile ya maneno ya Adija alimfungua mtoto mgongoni kwa bibi mapema kuliko kawaida. Kesho yake bibi alipovuka uani na kitenge, Firdausi alisimama mlangoni, Badru kiunoni, macho yake yakitafuta pa kukaa.

"Leo nitakwenda naye, Bibi. Ana mafua."

Bibi alimtazama mtoto, pua kavu, mashavu yanang'aa. Alimtazama mama. Kisha akakikunja kitenge chake taratibu, pembe kwa pembe, mpaka kikawa kidogo kama leso.

"Mfunike kifua," akasema. Akarudi kwake.

Mafua yale yakawa ya kesho, na ya keshokutwa. Stendi, Firdausi alimfunga Badru mgongoni huku anageuza vitumbua, mafuta yanaruka, moshi unamwingia mtoto machoni, na mtoto analia mpaka wateja wanasema, "Dada, huyo mpe bibi yake." Kila jioni alimkuta Bibi Verediana kwenye kigoda chake, mikono mapajani, mgongo umeinama mbele kidogo kama bado kuna aliyebebwa. Alisalimia na kuitikiwa. Bibi hakuuliza kitu, na hilo ndilo lililomla Firdausi moyo. Mtu aliyesingiziwa angeuliza. Mwenye hatia naye angeuliza. Huyu alikuwa anakaa tu.

Jumamosi alimfuata.

Jua lilikuwa bado juu. Bibi alipita nyuma ya mashine ya kusaga, akazunguka grosari ya Gasper mpaka upande usio na mlango, pale ambapo ndani yake spika kubwa inaegemea tofali. Akaweka kiganja ukutani. Firdausi alijibanza kwenye kona, Badru mgongoni amelala. Ndani ulikuwa unapigwa wimbo mwingine, mpya, wa watu wengine. Ukaisha, ukaja mwingine. Bibi alingoja. Akabadilisha mkono. Alingoja kama mtu anayengoja basi ambalo wenzake wote wanajua halifanyi safari tena.

Gasper alitoka kumwaga maji machafu, akamwona.

"Shikamoo, Bibi. Leo tena?" Akaja mbele yake, akaongea kwa kunyoosha midomo. "Hora? Hora umechuja, Bibi! Wateja wanasema nimewachosha nao. Sasa hivi kuna mpya. Nyimbo za siku hizi hazikai, zinapita kama mvua za kwanza."

"Mara moja tu, baba."

"Nilishaufuta kwenye memori kadi kupata nafasi. Ningekuwa nao ningekupigia, Mungu ananiona." Akamwona Firdausi kwenye kona, akacheka. "Mama Badru, mbona mnanivizia ukuta? Unadondoka huu!"

Bibi Verediana aligeuka. Alimwona Firdausi, akaelewa kwamba alifuatwa, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Ila mkono wake ulikuwa bado umebaki ukutani, umesahaulika pale.

Walirudi nyumbani wameongozana. Walipofika uani Firdausi aliingia chumbani kwa bibi bila kukaribishwa, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya, akakaa mkekani, akamfungua Badru na kumweka katikati yao. Akanyanyua uso ili midomo yake ionekane.

"Bibi, watu wanasema ulimtoa mtoto wako kafara. Nimeogopa. Ndiyo maana nimekunyima Badru, hakuwa na mafua. Nisamehe, lakini niambie mwenyewe."

Alidhani atafukuzwa.

"Wanamtaja jina?" bibi aliuliza.

"Jina gani?"

"La mtoto. Hao wanaosema. Wanalitaja?"

"Hapana, Bibi."

"Esteri," akasema. Akasema tena, kama anayeonja chakula ambacho hajakila siku nyingi. "Esteri. Kwa kina mume wangu mtoto mchanga akifa, mama hatajiwi jina. Nguo zinagawiwa, kitanda kinasogezwa, watu wanaongea habari za mvua. Wanasema ni kumsaidia mama tumbo lipoe, aje mwingine. Hakuja mwingine."

Akaanza kusimulia, macho kwa Badru aliyekuwa anatafuna ncha ya mkeka.

Mume wake alikuwa Kipriani, mpiga nanga. Nanga, alieleza kwa mikono, ni ubao mrefu uliochimbwa kama beseni, na uzi mmoja unapitishwa juu yake ukienda na kurudi. Kipriani aliwakusanya vijana wenye magitaa ya umeme waliokuwa wanaiga nyimbo za Kongo, akawaambia, gitaa ndilo litakalofuata nanga, nanga haitafuata gitaa. Walimcheka. Kisha wakakaza nyuzi zao kwa kuisikiliza nanga, na ikatoka sauti ambayo haikuwa ya popote ila huku. Wakajiita Buha Nanga Jazz. Nanga haipigwi kwa kusimama, inapigwa chini, basi bendi nzima ikakaa chini, mikeka jukwaani, spika nyuma yao. Spika hizohizo ndizo zilizoanza kuyala masikio ya bibi.

"Walikuwa wanatuita bendi ya matanga," alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Wanasema, hawa wamekuja kupiga muziki au kulilia maiti? Halafu tunaanza. Watu walikuwa wanavua viatu, mwana wanje, mwanangu wee, wanacheza pekupeku."

Kwa kuwa walikaa chini, alimnyonyesha Esteri hukohuko anaimba. Wimbo wa Hora aliuimba kumbembeleza, Kipriani akausikia akauwekea nanga. Siku watu wa redio walipokuja Kasulu na mashine zao kuwarekodi ukumbini, Esteri alitambaa kutoka mapajani, akafika kwenye maikrofoni iliyowekwa chini mbele ya nanga. Kipriani akiwa anapiga, akamnyooshea kidevu, akamtekenya shingoni kwa ndevu. Mtoto akacheka. Fundi wa redio akataka warudie, na Kipriani akakataa. Alisema, huyo naye ni mwanabendi.

"Ukapigwa redioni. Watu wakaunasa kwenye kaseti zao. Ukiingia duka lolote Kibondo, Esteri anacheka. Kasulu, Esteri anacheka. Na mwenyewe niko naye mgongoni, anageuza kichwa kujitafuta."

Badru alikuwa ameukamata upindo wa gauni la bibi anajaribu kusimama, naye bibi akamwekea kidole ashike.

"Tuliitwa tena Kasulu kupiga. Ana vipele na homa. Nikasema safari hii nisimpeleke kwenye vumbi, nikamwacha Gwarama kwa mama mkwe. Mara moja tu hiyo niliyomwacha. Ilikuwa surua. Tulipiga mpaka watu wakachoka wenyewe. Nilivyorudi wameshazika. Udongo umeshaanza kukauka juu."

"Innalillahi," Firdausi alisema, mkono kifuani.

"Sikulia vizuri. Nilikuwa nangoja kwenda dukani nimsikie. Nilisema, nitakwenda kwa Abbasi pale sokoni, atanipigia kaseti, nitalia hapo. Nikaenda. Abbasi akaweka kaseti ileile, nikasikia kwaya. Kwaya ya kanisa! Nikaenda duka la pili, kwaya. Kipriani alikuwa ametangulia. Amepita duka kwa duka, nyumba kwa nyumba, Kibondo yote, akapanda baiskeli mpaka Kasulu, anawaomba watu kaseti zao, anarekodi kwaya juu yake, anawarudishia. Na watu wakampa, kwa huruma. Wote walitaka kunisaidia nisikutane na kile kicheko njiani. Hakuna aliyeniuliza."

"Hukumwambia?"

"Nilimwambia, umemzika mara ya pili. Akalia. Alikuwa mtu mwema, ndiyo shida yake. Tuliishi pamoja mpaka alipokufa na nikamfunga macho mwenyewe, lakini nanga hakuigusa tena na mimi sikuimba tena. Bendi ikafia hapo. Wale vijana wa magitaa wakatawanyika, mmoja akaenda kufundisha kwaya Kasulu, wengine Kakonko, kila mmoja na nyuzi zake alizozikaza kwa nanga. Unawasikia mpaka leo, hata kama hawapo. Kila nikipita kanisani nilikuwa nasikia vidole vya Kipriani kwenye mkono wa mtoto wa mtu. Kila kitu chetu kilibaki, Mama Badru. Isipokuwa yeye."

Kaseti moja ilimponyoka Kipriani. Ilikuwa Gwarama, kwenye gunia la mbegu la bibi yake yule kijana mwimbaji. Kijana akaikuta, akaitia ndani ya wimbo wake; ndivyo alivyosema mwenyewe redioni. Siku gari la matangazo lilipopita Kibondo na wimbo mpya, spika juu, Bibi Verediana alikuwa anavuka barabara na fungu la mchicha. Masikio yake bado yalikuwa na mlango kidogo. Akamsikia mwanawe anacheka, ana miaka thelathini na zaidi kaburini. Akakaa chini palepale barabarani, na dereva akamtukana mlevi.

"Kwa hiyo unakwenda kwa Gasper kumsikia," Firdausi alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Bibi aliangalia mikono yake.

Hapo Firdausi akakumbuka. Akaruka, akakimbilia chumbani kwake, akarudi na simu, anahema, anacheka na kulia. "Bibi, ninao! Nurudini alinitumia! Gasper afute asifute, upo humu, nitakupigia ukitaka kila siku!"

Akatafuta kwa kidole. Akaongeza sauti mpaka mwisho. Akamshikisha bibi simu sikioni, na mkono wa bibi ukaikamata kwa nguvu. Wimbo ukaanza. Firdausi aliisikia nanga ikizunguka, nyembamba zaidi kwenye kispika kile kidogo, na sasa aliijua ni ya nani. Akaisikia ile sauti ya mwanamke yenye vumbi, na akamtazama mwenye sauti. Hora mwana, hora. Ngoma zikaja, kisha zikakatika.

Esteri akacheka.

Badru alikuwa anavuta nyuzi za mkeka. Akasimamisha mkono, akageuza kichwa, akaitazama simu kwa mshangao, na yeye akacheka.

Bibi Verediana alikuwa amefumba macho, amekunja uso, anasikiliza kwa mwili mzima. Ngoma zilianguka tena. Wimbo uliendelea kidogo, naye bado anasikiliza, bado anangoja. Akafumbua macho.

"Bado hajacheka?"

Firdausi akaona kila kitu kwa pamoja, kiganja ukutani, mtoto asiyelazwa mkekani, salamu za kusimama mbele.

"Ameshacheka, Bibi," alisema polepole, ili midomo ionekane.

Bibi aliitoa simu sikioni, akaitazama kama mtu anayetazama kisima kutoka juu. Akaishusha mapajani.

"Kwa Gasper nilikuwa najua," alisema. "Simsikii hata kule, sasa huu ni msimu wa pili simsikii. Lakini ngoma ziko ukutani, zinagonga mkononi. Halafu ukuta unanyamaza. Ukuta ukinyamaza najua sasa hivi anacheka. Hiki kidude hakina ukuta."

Badru alimtambalia, akapanda mapajani, akaishika simu kwa mikono miwili. Bibi alimwacha. Alimtazama usoni muda mrefu, ule mdomo uliobaki wazi baada ya kicheko.

"Huyu amemsikia," akasema.

"Amemsikia, Bibi. Amemjibu."

Bibi aliitikia kwa kichwa. Kisha akanyoosha mkono wake, mkavu, kiganja juu, akauweka mkekani mbele ya Firdausi.

"Rudisha mwanzo, mwana wanje. Usinambie kwa mdomo, utachelewa, atakuwa ameshapita. Wewe shika hapa. Ikifika pale anapocheka, palepale, usipitishe, nibane mkono."